Shukrani kwa wote mliotushika mkono katika ugonjwa na maziko ya mama yetu

Assalaam aleykum. Sisi watoto, wakwe na wajukuu wa marehemu mama yetu, muuza mbaazi na maandazi wa Ngamiani, Tanga, tunawashukuru ndugu, jamaa, majirani na marafiki wote mliokuwa nasi kwa hali na mali tangu alipoanza kuugua mpaka tulipomsitiri. Kumfikia kila mmoja hatutaweza. Majina hatutaji, maana tukianza hatutamaliza.

Kwenye matangazo ya misiba tumezoea kuandika "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Mama alituomba tusiandike hivyo. Aliumwa saratani ya mlango wa kizazi, na alitaka wanawake wenzake wausikie ugonjwa huu ukitajwa kwa jina. Dalili ya kwanza ilikuwa damu kumtoka, miaka mingi baada ya kukoma hedhi. Aliona haya kutuambia, kama mama zetu wengi wanavyoona haya, na mahali pa kwanza alipokwenda kutibiwa alipewa vidonge vya UTI akaambiwa arudi nyumbani. Hakuna aliyemchunguza. Ugonjwa ulipokuja kujulikana ulikuwa umeshasambaa.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi na wataalamu wa mionzi wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kabla ya haya kutufika hatukujua kwamba mionzi hupigwa siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki tano hivi, na kila mara ni dakika chache tu. Mgonjwa wa Dar akimaliza anarudi kwake. Wa Tanga, Kigoma au Songea lazima apate pa kulala muda wote huo, yeye na anayemuuguza, na wapate chakula pia. Kwa wengi hapo ndipo safari ya tiba inapokwamia, hata kama dawa ipo. Mama yetu alikuwa na bahati ya shangazi yetu wa Temeke, aliyewahamisha wanawe sebuleni ili mgonjwa apate chumba, na kila alfajiri akapanda naye daladala akiwa na chupa ya uji na kanga ya kubadilisha. Shangazi, hatuna cha kukulipa.

Damu yake ilipopungua sana, vijana wa bodaboda wa kijiwe cha mtaani kwetu walikwenda kumchangia. Mmoja alirudishwa kwa kuwa uzito wake haukutosha. Jioni ile ile akamleta kaka yake. Hao ni watoto ambao Mama alikuwa akiwapa maandazi asubuhi na kuwaambia watalipa wakipata abiria.

Ilipofika mahali kwamba hakuna tena tiba ya kuponya, watu wa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, walitufundisha kumpa morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, ya kunywa. Wapo waliotuonya kwamba itamlevya na kumharakishia mauti. Tunashuhudia tulichokiona: alipata usingizi, akaweza kukaa na kusali, akaanza tena kuuliza nazi zinauzwaje sokoni. Mgonjwa kuambiwa avumilie maumivu yenye dawa ni dhuluma, na tunaomba familia zenye wagonjwa waidai dawa hiyo bila kuogopa.

Kwenye maziko, Mwenyezi Mungu awalipe kina mama waliomuosha na kumkafini, waliochimba kaburi, waliobeba jeneza, imamu wetu, na wote waliosoma hitma. Jirani zetu Wakristo mlifunga biashara zenu, mkaleta viti, maji na mkaa kabla hatujaomba.

Rambirambi zilizidi gharama za msiba. Tulikaa kikao, tukakubaliana zisigawanywe, ziwe sadaka inayoendelea kwa ajili ya mama yetu. Wengi mkaongeza, hadi ndugu zetu walioko Muscat. Mfuko huu unalipa nauli na malazi ya wagonjwa wa saratani wanaotoka Tanga kwenda Dar kutibiwa, na unawapeleka wanawake wa mtaa kupima mlango wa kizazi.

Kina mama, kipimo chenyewe ni kidogo: mhudumu anapaka siki nyepesi, anangoja dakika moja hivi, anaangalia kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe. Majibu ni pale pale, na mabadiliko madogo mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo, kabla hayajawa saratani. Wanaohimizwa zaidi ni wa miaka 30 hadi 50. Wanaoishi na VVU waanze mapema. Kwa mabinti ipo chanjo ya kirusi kiitwacho HPV, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Tangu 2024 ni dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Maneno ya kwamba inafunga kizazi tumeyasikia hata msibani, na si kweli. Kirusi kinachozuiwa na chanjo hiyo ndicho chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Wenye mabinti, tafadhali wapelekeni.

Daftari la michango liko kwa mweka hazina wa kamati ya msiba. Aliyetoa shilingi mia tano na aliyetoa laki wote wana haki ya kulifungua na kuuliza.

Mwisho, yeyote aliyekuwa akimdai marehemu, kiasi chochote, afike nyumbani aonane na kaka yetu mkubwa alipwe. Na wale mliokula mbaazi kwa mkopo, Mama aliwasamehe kwa kauli yake, mbele yetu. Anayeona bado nafsi inamsuta, deni hilo alitie kwenye mfuko huu wa wagonjwa.