Dada Rose, ile mashine ya majani ya Baba

Reading, Uingereza, mwishoni mwa Oktoba

Dada Rose,

Shikamoo. Huku hatujambo, baridi tu ndiyo imewahi. Joan amefaulu mtihani wake wa piano, cheti nilikitupia kwenye grupu la familia, akajibu shangazi peke yake. Wengine mlikuwa mnabishana bei ya mbao.

Nimeisikiliza ile sauti yako. Laki tisa, dada! Laki tisa tumnunulie Baba mashine ya kukata majani, tena ile ya petroli ya Baba Happy, iliyolala bandani tangu mwanawe ahamie Dodoma. Sikatai kutoa. Ninachochoka nacho ni hili la "tuma leo, kuna mtu mwingine anaitaka". Kila kitu cha hapo nyumbani kina mtu mwingine anayekitaka, hata tenki lilikuwa naye. Ya tenki tuyaache.

Hiyo mashine inawashwa kwa kuvuta kamba. Baba ukimwona anavyovaa koti siku hizi, tangu ile pikipiki imwangushe, unadhani lile bega la kulia litavuta kamba? Na petroli ikikaa muda mrefu inaacha uchafu kwenye kabureta, kwa hiyo utavuta weee, mashine inakohoa tu. Mzee wa miaka 76, mwenye presha, yuko juani anavuta kamba kwa hasira. Tutaitana msibani.

Na lile wazo lako la pili, Festo afyeke halafu Baba akae kwenye kiti aangalie, unajua mwenyewe lilivyoishia. Tangu Mama atutoke hakuna mkono mwingine unaoruhusiwa kupeleka fyekeo kule kaburini. Festo alijaribu wakati wa masika akakata na maua, yakatokea yaliyotokea. Mwacheni mzee akate. Sisi tumtafutie kitu kitakachomwezesha.

Na hapa mimi ndiye mtaalamu, msicheke. Yule mzee ninayemhudumia Jumanne ana miaka 83, nyonga moja ya bandia, na majani yake anakata mwenyewe kwa mashine ya betri. Anabonyeza kitufe, anakamata kile chuma cha kwenye mpini, inaanza kunguruma kama friji. Hakuna kamba, hakuna moshi, hakuna oili ya kumwaga. Nimemuuliza kila kitu. Anapenda kuulizwa, wanawe wote wako Australia. Siku moja alikuwa anakata nimesimama mlangoni na dawa zake, ile harufu ya majani mabichi ikanipiga puani, nikamwona Baba na redio yake dirishani, na Mama anampigia kelele asiguse mawaridi. Nikasingizia mafua.

Basi Jumamosi nikaingia dukani. Msimu wa majani huku umekwisha, wanaziondoa kupisha mapambo ya Krismasi, kwa hiyo bei zimeshuka. Muuzaji aling'ang'ania nichukue ile ambayo magurudumu yanajisukuma yenyewe. Kwa mlima ni nzuri, lakini ina karibu kilo 30, na Baba ana zile ngazi za kwenda stoo. Atamwita nani aibebe? Niliyoipenda ina kilo 13 hivi, kisu kinakata upana wa sentimita 33, na mwili wake ni plastiki ngumu, haushiki kutu. Urefu wa majani unabadilisha kwa wenzo mmoja tu wa ubavuni. Nyingine unainama gurudumu moja moja, kazi ambayo hata mimi mgongo wangu uliikataa palepale dukani. Kile chuma cha kushikilia, ukikiachia tu kisu kinasimama, kwa hiyo mtu anakikamata muda wote anaokata. Nilikishika mpaka muuzaji akaanza kuniangalia vibaya, maana navijua vidole vya Baba vya asubuhi. Cha hii ni chepesi, unakilazia kiganja hata bila kukunja vidole sana.

Sasa Kaka Gody. Ameandika kwenye grupu kwamba tusihangaike, atatuma ya Marekani, kubwa, volti 56. Umeme wa Texas ni volti 120, wa kwetu ni 230. Chaja yake ukiichomeka ukutani hapo Machame utasikia harufu tu. Nikamwambia, akasema tutanunua transfoma. Haya, na betri je? Ndege za abiria betri ya lithiamu inaruhusiwa bila maswali ikiwa haizidi wati-saa 100. Kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika. Ikizidi hapo haipandi. Ya Gody, volti 56 zidisha kwa ampea-saa 5, ni wati-saa 280. Aiweke kwenye meli, tuisubiri mpaka Baba afikishe miaka 80. Hii yangu inatumia betri mbili ndogo za volti 18, ampea-saa 4, kila moja ni wati-saa 72. Deo anakuja Desemba, atazibeba kwenye begi la mkononi, kila moja kwenye mfuko wake, asizitie kabisa kwenye mzigo wa chini. Mashine yenyewe ikikunjwa mpini inaenda kwenye kilo zake 23. Na chaja ya huku ni volti zilezile za kwetu, plagi ileile ya pini tatu bapa.

Jibu la Gody lilikuwa kuniita Mama Ushauri, halafu akatuma picha amekalia ile mashine yake ya kupanda, anakata majani ya nyumba ya kupanga. Bustani yangu mimi ni ndogo, unaimaliza ukiwa bado unaongea na simu, lakini hati ina jina langu. Benki ipo ipo, lakini jina ni langu.

Najua utasema mashine ni ndogo. Chaji moja inakwenda nusu saa hivi majani yakiwa mafupi. Kutoka getini hadi kwenye mparachichi itatosha, upande wa kaburi ungoje betri zijae tena. Ndivyo ninavyotaka. Betri itachoka kabla ya Baba, atakaa anywe chai. Akipewa petroli atakata hadi saa saba mchana.

Mambo machache utanisaidia. Majani yakiwa marefu na yamelowa yanaimaliza betri haraka, kwa hiyo mara ya kwanza Festo apunguze na fyekeo (mbali na maua!), halafu Baba akate kila wiki kidogo kidogo, asiondoe zaidi ya theluthi. Betri zisilale kwenye ile stoo ya bati, joto linaziua. Ziwekeni ndani, na kama hazitumiki muda mrefu zibaki na nusu ya chaji. Chaja ipitie kwenye stebilaiza ya friji. Halafu kuna kifunguo kidogo cha usalama: kabla ya kusafisha kisu kitolewe, na betri zitolewe. Hili umkazanie wewe, maana namjua, atapindua mashine aingize mkono. Mimi nikimweleza kwenye simu ananiambia "sawasawa mwanangu" halafu anahamia kwenye habari za mvua.

Kabla sijalipa, nenda ukanipimie ile njia kati ya kaburi na michongoma. Upana wa mashine nzima unazidi wa kisu, pakiwa chini ya sentimita 40 haipiti, itabidi Baba akubali michongoma ipunguzwe, na hiyo vita ni yako. Pima kwa futi ya fundi, usipime kwa hatua. Nijibu kabla ya Ijumaa, punguzo linaisha.

Bei sitaitaja, grupu lina masikio. Ninalipa mashine na betri. Mzigo wa ziada wa Deo atalipa Gody, na alipe kwa Deo moja kwa moja, asipitishie kwangu.

Baba mpe shikamoo yangu.

Mdogo wako,
Aneth