Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Jioni ya Asmarina na Jebena

Ndugu wanachama,

Hesabu atawasomea mhazini, na orodha ya wanaodaiwa ada anayo yeye. Mimi nataka kuzungumzia jioni ya Waeritrea, maana ndiyo mnayoniuliza kila tukikutana.

Tulionyesha Asmarina, filamu ya mwaka 2015 ya Medhin Paolos na Alan Maglio, kwa kuwa inahusu majirani zetu wa hapa hapa Milano. Tunapita mtaa wa Porta Venezia kila siku, tunakula injera, mkate wao, lakini wangapi tulijua kwamba akina mama wa Kieritrea walikuwa wakifika Italia tangu miaka ya 1960 na 1970, wengi wao kufanya kazi za ndani? Filamu inawasimulia kwa sauti zao wenyewe na kwa picha za zamani. Taa zilipowashwa hakuna aliyeinuka. Binti mmoja aliyezaliwa hapa alikuja wiki iliyofuata na albamu ya mama yake kwapani, akatuonyesha ukurasa kwa ukurasa.

Kosa letu lilikuwa kwenye ratiba. Kahawa ya Kieritrea, iliyofuata filamu, kamati iliitengea dakika 15, kama chai ya mkutano. Akina mama walicheka sana. Bun, kama wanavyoiita, huanza na buni mbichi kukaangwa mbele ya wageni, kikaango kikazungushwa kila mtu avute harufu. Kisha zinatwangwa na kuchemshwa kwenye jebena, chungu chenye shingo nyembamba, pamoja na tangawizi, huku ubani unafuka pembeni. Humiminwa mara tatu: awel, kale'i, bereka. Hiyo ya mwisho haikuhitaji mkalimani, ni baraka. Na vikombe vyenyewe, finjal, ni finjani zetu. Kuaga kabla ya bereka si adabu, nao wajumbe wetu wawili wakaaga baada ya awel, eti wanawahi metro. Mimi nimewasamehe; wenyeji sijui.

Moshi nao uliamsha king'ora cha ukumbi. Kahawa tukaimalizia uani, na baridi ile.

Mwakani tuanze na kahawa saa tisa alasiri, filamu ifuate baada ya bereka. Bisi tusinunue: wao huzila na kahawa, zitabaki za sinema pia. Naomba mkutano uidhinishe fedha za jebena mbili. Moja ya kutumia, moja ya kulipa ile ya kuazima iliyonipasukia mikononi.