Vitalu vya miche visiachwe vife

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie vitalu vya miche vya watu binafsi, vile vinavyoendeshwa na mtu pamoja na familia yake, ambavyo vinafungwa kimoja baada ya kingine. Kila kinapofungwa kimoja tunaambiwa kwamba hiyo ndiyo biashara, kwamba mnunuzi amekwenda penye bei nafuu. Maelezo hayo siyakubali, kwa sababu yanahesabu bei ya mche na kusahau muda uliotumika kuulea.

Chukua mche mmoja wa tunda uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kitawi cha mti mwingine. Mwenye kitalu huotesha kwanza mche wa shina, ule utakaobaki na mizizi, akaulea mpaka ufikie unene wa penseli, ndipo akakata kikonyo, yaani kitawi hicho, kutoka kwenye mti mama ambao uzao wake anaujua kwa miaka, akavichonga vyote viwili kwa mshazari, akavifunga kwa utepe wa plastiki ili ganda likutane na ganda, kisha akangoja vishikane. Baada ya hapo mche hutolewa kivulini taratibu na kupunguziwa maji, usije ukapata mshtuko siku utakapopandwa shambani. Kazi hiyo huweza kuchukua mwaka, miwili au zaidi, na muda wote huo fedha ya mwenye kitalu imelala ardhini ikingoja wiki chache za msimu wa kupanda. Wiki hizo zikiharibika, mwaka mzima umeharibika. Ndivyo ilivyotokea mwaka 2020 huko England, ambako maduka ya bustani yalifungwa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi katikati ya Mei kwa sababu ya korona, yaani katika kilele chenyewe cha mauzo, na wazalishaji wengi wakalazimika kutupa mimea iliyokuwa tayari imechanua.

Duka kubwa linalouza miche pamoja na saruji, rangi na viti halibebi mzigo wa namna hiyo. Katika baadhi ya misururu ya maduka hayo, mzalishaji hulipwa pale tu mche unapopita kwa keshia, na ukinyauka rafuni kwa kukosa maji, hasara ni yake. Duka hubaki na nafasi ya kushusha bei ili kuvuta wateja watakaonunua vitu vingine. Mnunuzi naye akiuchomoa mche huo chunguni, mara nyingi hukuta mizizi imejizungusha kama kamba kwa kukaa humo muda mrefu mno, na hakuna mtu karibu wa kumweleza kwamba mizizi ya namna hiyo hukatwa au kutawanywa kabla ya kupanda.

Lipo pia suala la magonjwa, ambalo naona halipewi uzito linaostahili. Mwaka 2019 wakaguzi wa Marekani walilazimika kufuatilia mirododendroni, vichaka vya maua ya mapambo, iliyokwisha kusambazwa katika maduka ya majimbo mengi, baada ya kugundulika kwamba ilibeba Phytophthora ramorum, kimelea ambacho kimeua mialoni kwa wingi huko California. Kitalu kidogo nacho huweza kuuza mche mgonjwa, lakini madhara yake hayasafiri mbali kiasi hicho kwa mara moja.

Kinachoniumiza zaidi ni mimea mama inayopotea kitalu kinapofungwa. Kitalu cha Heronswood katika jimbo la Washington, Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1987 na kujulikana kwa mimea adimu, kilinunuliwa na kampuni kubwa ya mbegu mwaka 2000, na kufikia mwaka 2006 kikafungwa. Kwa bahati njema, mwaka 2012 kabila la wenyeji asilia la Port Gamble S'Klallam lilikinunua na kuifufua bustani yake. Vitalu vingi havipati mwokozi wa namna hiyo. Mwenyewe huzeeka, watoto wana kazi nyingine, kiwanja kina thamani kubwa kwa wajenzi kuliko kwa miche, na miti mama hung'olewa pamoja na uzio.

Hata hivyo, ukubwa nao haukuwa kinga. Wyevale, iliyokuwa msururu mkubwa kuliko yote wa vituo vya bustani Uingereza, iliwekwa sokoni mwaka 2018 na kugawanywa vipandevipande kwa wanunuzi mbalimbali. Wadogo wanaodumu ninaowafahamu wana jambo moja linalowaunganisha: hawashindani kwa bei ya maua ya msimu. Huzalisha wenyewe kile ambacho duka kubwa haliwezi kungoja kikue, wakamwambia mteja ukweli hata pale ukweli huo unapomnyima muuzaji mauzo, kwamba mti fulani hautafaa katika udongo wa mfinyanzi au karibu na msingi wa nyumba.

Kwa hiyo naziomba mamlaka za ardhi na kodi zivitambue vitalu kuwa kilimo, kwa sababu humo mimea huzalishwa kabla ya kuuzwa, na zisivitoze kama maduka ya kawaida. Wanunuzi wakubwa wa umma wanaopanda miti shuleni na barabarani watoe oda mapema, mwaka mmoja au miwili kabla, badala ya kuitisha zabuni wiki chache kabla ya kupanda, muda ambao mzalishaji mdogo hawezi kuuwahi. Nasi wateja tunaokwenda kitaluni kuuliza ushauri bure, kisha tukanunua mche kwingine, tuununue palepale tulipoelekezwa.

Msomaji wenu,
Mpanda miti