Mdomo ukienda upande, hesabu saa

Bwana Mhariri,

Katika matangazo ya vifo hapa Bukavu, kuanzia Bagira hadi Panzi, maneno mawili hayakosi: "tansio ilimpanda" na "alianguka ghafula". La kwanza, yaani shinikizo la damu kupanda, mara nyingi ni kweli. La pili mara nyingi si kweli kabisa. Kabla ya kuanguka kulikuwa na mdomo uliopinda asubuhi, kikombe kilichoponyoka mkononi, maneno yaliyotoka kama ya mlevi kwa mtu asiyekunywa. Halafu saa zikapita nyumbani. Tunaandika kuhusu saa hizo, kwa sababu ndimo watu wetu wengi wanamopotelea, na kwa sababu kuziokoa hakuhitaji mashine yoyote.

Ugonjwa wenyewe ni kiharusi, ule ambao hospitalini unaitwa AVC. Mshipa wa damu wa ubongo unaziba, au unapasuka. Sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo inakosa damu na kuanza kufa. Mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza chembe zake karibu milioni 2 kila dakika. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, alteplase, lakini hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na ni baada ya skana, picha ya ndani ya kichwa, kuonyesha kwamba hakuna damu iliyomwagika kichwani. Hata katika hospitali isiyo na dawa hiyo, anayefika mapema anafaidika: sukari yake inapimwa, hewa inafuatiliwa, homa inashushwa, na anazuiliwa kupaliwa na chakula, jambo linaloua wagonjwa wengi wa kiharusi katika siku za kwanza.

Dalili zinapimwa kwa muda usiozidi dakika 1. Mwambie mtu aonyeshe meno: upande mmoja wa mdomo ukibaki chini, hiyo ni dalili. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, macho yamefungwa, nawe uhesabu hadi 10. Mkono mmoja ukishuka au kugeuka taratibu bila yeye kujua, hiyo ni dalili. Kisha aseme sentensi moja aliyoizoea, na aiseme kwa lugha ya nyumbani kwake. Hapa watu hukosea: mama mzee anayesema Mashi au Kilega maisha yake yote anapimwa kwa Kiswahili au Kifaransa, anasitasita, na hakuna anayejua kama ni lugha au ni ubongo. Moja tu kati ya hizo tatu ikionekana, na imeanza ghafula, safari ya hospitali ianze.

Nyingine ni jicho moja kuzima ghafula, kuona vitu viwili viwili, mguu mmoja kuburuzika, kuyumba hadi kushindwa kusimama, na maumivu ya kichwa yanayopiga kwa mara moja kama rungu, ambayo mtu hajawahi kuyapata. Wengi husema ni malaria. Malaria hulegeza mwili mzima na huja na homa. Mwili uliolegea upande mmoja, wa kulia au wa kushoto, una habari nyingine. Wengine husema ametupiwa kitu. Anayetaka kuomba aombe, nasi hatumzuii, lakini aombe ndani ya gari.

Andika saa. Si saa mliyomkuta ameanguka, bali saa ya mwisho aliyoonekana mzima. Aliyeamka amepooza saa 12 asubuhi, na alilala saa 3 usiku akiwa salama, saa yake ni 3 usiku. Ndilo swali la kwanza la daktari, na jibu la "tangu asubuhi" halimsaidii.

Sasa yale yanayofanywa nyumbani kwa nia njema na kumaliza mgonjwa. La kwanza ni maji, chai au uji wa kumpa nguvu. Kiharusi hulegeza pia koo. Kinachomezwa huingia mapafuni, na siku ya tatu mgonjwa ana nimonia. Asipewe chochote mdomoni, hata kijiko kimoja, hata kidonge, hadi muuguzi amkalishe wima na kumjaribu kwa maji kidogo kidogo.

La pili ni kumpa dawa ya tansio ya jirani, na hasa kupasua kidonge cha nifedipine na kukidondosha chini ya ulimi. Tunalisisitiza hili kwa sababu hata baadhi ya watu wa vituo vya afya bado wanalifanya. Mshipa ukiziba, mwili wenyewe unapandisha tansio ili damu ilazimishe njia kuelekea sehemu yenye njaa. Ukiishusha kwa kishindo, sehemu ambayo ingeweza kupona inakufa. Ikiwa mshipa umepasuka, tansio inashushwa, lakini kwa kipimo na kwa uangalizi. Nyumbani hamwezi kujua ni aina gani. Aspirini nayo ni vivyo hivyo: kwa mshipa ulioziba ni dawa nzuri, kwa uliopasuka inaongeza damu kumwagika. Isubiri skana.

La tatu ni kukanda kwa maji ya moto na kuchanja chale. Upande uliopooza mara nyingi hausikii joto vizuri, ngozi inaungua bila mgonjwa kulia, na saa 2 zimekwenda.

Jambo moja linaweza kufanywa njiani au katika kituo cha karibu: kupima sukari kwa tone la damu la kidoleni. Mgonjwa wa kisukari aliyemeza dawa bila kula anaweza kuonekana kama mwenye kiharusi kamili, mdomo umepinda na mkono umelegea, kumbe sukari imeshuka. Huyo akipewa sukari ya mshipani hurudi ndani ya dakika chache.

Usafiri katika milima yetu ni tatizo la kweli. Katika ngazi za Kadutu hakuna gari linaloingia, na kinachofika haraka ni pikipiki. Mgonjwa anayejitambua na kujishikilia anaweza kwenda nayo. Lakini aliyepoteza fahamu kubanwa wima kati ya dereva na ndugu yake ni hatari kubwa: kichwa kinaanguka mbele, ulimi unaziba njia ya hewa, na mtu anafika amekufa kwa kukosa pumzi. Huyo abebwe kwa machela, au kwa blanketi lililoshikwa pembe nne, amelala ubavu hadi barabarani, kisha alazwe ubavu kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Msimvute kwa mkono uliopooza. Bega huchomoka kirahisi, na maumivu yake hudumu miezi. Na kabla ya kuondoka pigeni simu: skana inafanya kazi leo? Kuzunguka hospitali tatu ni kupoteza zile saa 4 na nusu zote.

Kuna kiharusi kinachokuja na kuondoka. Mdomo unapinda, maneno yanapotea, na baada ya dakika 20 mtu yuko sawa, watu wanacheka na kumshukuru Mungu. Huyo ndiye tunayemhofia zaidi, kwa maana kiharusi kikubwa kinaweza kumfuata, na hatari hiyo ni kubwa kuliko wakati wote katika siku 2 za kwanza. Aende siku hiyo hiyo, hata kama anatembea kwa miguu yake.

Kuhusu kuzuia, utafiti uliofanywa katika nchi 32 na kutangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba sababu 10 zinazoweza kurekebishwa zinahusika na karibu viharusi 9 kati ya 10. Tansio peke yake inahusika na karibu nusu. Basi tuanze nayo, na tuipime vizuri, maana hapa inapimwa vibaya.

Sisi tumezoea kusema "12 kwa 8" au "16 kwa 10". Mashine ya umeme ya farmasi inaandika 160 na 100. Ni kitu kimoja. Sifuri imeongezwa tu. Tunaandika haya kwa sababu wapo wanaoona 138 wakadhani wanakufa, na wapo wanaoona 16 wakadhani ni kidogo. Ikifika 14 kwa 9 au kupita, katika siku mbili tofauti, ni tansio ya juu.

Aliyetoka kupanda ngazi asipimwe papo hapo. Akae dakika 5 kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote chini, miguu isipandane, mkono juu ya meza usawa wa moyo, akiwa ameshakojoa, bila kahawa wala sigara katika nusu saa iliyopita, na bila kuongea. Mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya sweta. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu ya uongo, na kuna watu wanaokunywa dawa kwa miaka kwa ajili ya mkanda huo. Pima mara 2, acha dakika 1 katikati. Mwenye mashine nyumbani apime asubuhi na jioni kwa siku 7, aandike zote na kumpelekea daktari; nyumbani kikomo ni 13.5 kwa 8.5.

Tansio haiumi. Hapo ndipo dawa zinapoachwa: kichwa hakiumi, pakiti imekwisha, basi mtu anasema ngoja mfuko upone kwanza. Lakini dawa ya tansio haiponyi, inashikilia. Ukiiachilia, tansio inarudi ilikokuwa. Nunua ya mwezi mzima, si vidonge 5 vya leo, na rudi farmasi vinapobaki 7. Kama amlodipine inavimbisha vifundo vya miguu, au captopril inaleta kikohozi kikavu, usiiache kimya kimya. Kwa kila moja ipo nyingine ya kubadilishia. Dawa ya kukojoza inywewe asubuhi, la sivyo utaamka usiku kucha na kuichukia. Lengo kwa wengi ni chini ya 14 kwa 9. Kwa mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au aliyekwisha kupata kiharusi, namba ya juu ishuke chini ya 13.

Kuna dawa pia zinazopandisha tansio kwa siri: diklofenaki na ibuprofeni za kila siku za mgongo, na vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa sokoni, ambavyo vingine ni dexamethasone tupu.

Chumvi inafaa kupimwa kwa pakiti, si kwa ulimi. Kipimo cha mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa. Nyumba ya watu 7 ni gramu 35. Kwa hiyo pakiti ya gramu 500 isiishe kabla ya wiki 2, na hapo hatujahesabu vile vidonge vya kukolezea mchuzi, ambavyo vingi zaidi ya nusu ya uzito wake ni chumvi, wala bikarboneti wanayotia wengine katika maharagi na sombe ili viive upesi. Ukitia kidonge, usitie chumvi. Makayabu yalowekwe usiku kucha, maji yabadilishwe mara 2 au 3. Sambaza wabichi wa ziwa letu ni bora mara nyingi kuliko samaki wa chumvi, na lengalenga (mchicha), ndizi na maharagi vinasaidia kushusha tansio, isipokuwa kwa mwenye figo mbovu, ambaye amuulize daktari kwanza.

Sigara, pombe ya kanyanga na kasiksi ya kila jioni, sukari isiyotibiwa, tumbo kubwa: wasomaji wanavijua. Tuongeze wale wasiofikiriwa. Mama mjamzito, au aliyejifungua ndani ya wiki 6, mwenye kichwa kikali na macho yenye ukungu, apimwe tansio siku hiyo hiyo. Mtoto mwenye SS, yaani selimundu, anaweza kupata kiharusi akiwa na miaka 5. Akianza kuchechemea au kushindwa kushika kalamu asicharazwe kwa uvivu, apelekwe. Na kijana ambaye mapigo ya moyo wake yanaruka ruka bila mpango asikilizwe moyo, kwa kuwa damu iliyoganda ndani ya moyo hupanda hadi ubongoni.

Tunaomba mambo mawili, Bwana Mhariri. Gazeti lichapishe vipimo vile vitatu, meno, mikono na sentensi, kando ya ukurasa wa matangazo ya vifo, kwa maana ukurasa huo unasomwa na kila mtu. Na wachungaji, mapadri na maimamu wa mji huu watupe nusu saa baada ya ibada, mara moja kwa mwezi. Tutakuja na mashine na mikanda ya saizi mbili. Wao watutafutie viti 6 vyenye mgongo na meza, na wawaambie waamini wasipite moja kwa moja kutoka kwenye kuimba na kucheza. Wakae kwanza zile dakika 5.

Wauguzi na madaktari wa wagonjwa wa tansio,
Bukavu