Anayeanza kupiga picha asisukumwe kwenye M

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nipingane, kwa heshima, na makala iliyowashauri wanaojifunza kupiga picha waachane na modi ya otomatiki na kuhamia moja kwa moja kwenye M, yaani modi ambayo mpigapicha hupanga kila kitu mwenyewe, eti huko ndiko waliko wapigapicha wa kweli. Ushauri huo nilipewa na mimi nilipoanza, nikaufuata, ukaniaibisha.

Ilikuwa harusi ya jamaa yangu. Ndani ya ukumbi, karibu na dirisha, nilipanga tundu la lenzi linalopitisha mwanga f/5.6, kasi ya shata (muda ambao mwanga huingia) 1/30 ya sekunde na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 400, na picha zikatoka vizuri. Maharusi walipotoka kwenye jua kali niliwafuata mbiombio, nikapiga picha zaidi ya arobaini bila kugusa chochote. Kwa tundu lile na ISO ile, jua lilitaka shata ya takriban 1/3200, kwa hiyo kila picha ilipokea mwanga karibu mara mia ya uliohitajika. Nilipozitazama baadaye, bibi harusi alikuwa ameyeyukia katika weupe, zimebaki nywele tu. Kamera haikuwa na kosa, kwani anayechagua M huwa ameinyima ruhusa ya kumrekebishia.

Herufi zilizo kwenye gurudumu la juu ya kamera zinaonyesha jinsi kazi inavyogawanywa kati ya mtu na mashine, wala hazipangi nani fundi na nani mwanafunzi. Kwenye P, kamera huchagua tundu na shata, nawe unabaki na uamuzi wa ISO na flashi. Kwenye A, ambayo Canon huiandika Av, unachagua tundu na kamera inatafuta shata inayolingana nalo. Kwenye S, au Tv kwa Canon, mambo hugeuka: unachagua shata na kamera inatafuta tundu. Vile vichoro vya mlima, ua na mtu anayekimbia vilivyo kwenye gurudumu hilohilo ni otomatiki iliyopewa dokezo la unachopiga, basi.

Mimi ningemwanzisha mwanafunzi kwenye A na kumwacha huko kwa wiki kadhaa. Atatatizwa kwanza na namba za tundu, kwa kuwa namba ndogo ndiyo tundu kubwa, lakini akielezwa kwamba f/2 kwenye lenzi ya milimita 50 ni 50 kugawanya kwa 2, yaani tundu lenye upana wa milimita 25, ilhali f/10 ni milimita 5 tu, fumbo litafunguka. Ampige picha mtu mmoja kwa f/2 kisha kwa f/10 akiwa amesimama palepale, naye ataona jinsi ukuta wa nyuma unavyofifia katika picha ya kwanza na kuhesabika matofali katika ya pili. Wakati huohuo auangalie mwendo wa shata ambayo kamera imemchagulia: ikishuka chini ya 1/60, mtikisiko wa mkono huanza kuonekana, na dawa yake ni kupanua tundu au kupandisha ISO na kuzivumilia kidogo chengachenga, zile nukta zinazochafua picha. Mtoto anayebembea ndiye mwalimu wa S. Kwa 1/30 uso wake ni ukungu mtupu, kwa 1/500 hata unywele uliomwangukia machoni unaonekana.

Kuna jambo ambalo makala haikuligusa kabisa, nami naliona zito kuliko herufi zote. Kipimo cha mwanga cha kamera hukadiria kana kwamba kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu, kwa hiyo shela jeupe likijaa kwenye fremu hutoka limefubaa, na koti jeusi hutoka limepauka. Kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa hutibu hilo bila kuhama A: ongeza hatua moja kwa shela, punguza moja kwa koti.

M ina mahali pake, hasa studio yenye flashi, au nyota za usiku, ambako mwanga haubadilikibadiliki. Nakuomba basi, Mhariri, makala ijayo ichapishe chini ya kila picha modi iliyotumika, tundu, shata na ISO, hata kama modi yenyewe ilikuwa P.

Ni mimi,
Mpigapicha na msomaji wako