Bibi alipanga foleni mara mbili

Mhariri,

Uchaguzi wa Julai 1957 hapa Zanzibar ulikuwa wa wanaume peke yao. Babu alikwenda kupiga kura, bibi akabaki nyumbani, mtaa wa Ng'ambo hapa mjini, anachambua mchele. Januari 1961 ndipo wanawake walipopiga kura kwa mara ya kwanza. Bibi alitoka alfajiri, karatasi yake ya kujiandikisha kaifunga kwenye pindo la kanga, chini ya buibui, isije ikadondoka. Kambi mbili za vyama zikafungana viti 11 kwa 11, uchaguzi ukarudiwa Juni, na bibi akapanga foleni tena.

Mwezi uliopita tuliitwa mkutano wa maji mtaani kwetu. Wanawake tulikuwa wengi kuliko wanaume, tumekaa mkekani, nyuma. Zamu ya maji ikapangwa saa nane usiku bila kuulizwa hata mmoja wetu, na ndoo tunabeba sisi! Nilinyoosha mkono, nikaambiwa muda umekwisha. Liliniuma hilo, lakini kimya chetu kiliniuma zaidi.

Mama zangu na dada zangu, mkutano ujao tukae viti vya mbele. Nitakuja na daftari langu. Nimeandika kila siku ambayo mfereji haukutoa maji.

Mjukuu wake,
Unguja