Mtungi wa gesi usikae ngamani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na manahodha, hasa wanaokwenda dago, yaani kambi za uvuvi, na vijana.

Mwezi uliopita nilipanda mashua ya mtoto wa ndugu yangu kutoka Kilindoni kwenda Nyamisati. Nikakuta mtungi wa gesi wa kilo 6 umelazwa chini kabisa, ubavuni mwa ngama, pale chini maji ya chombo yanapokusanyika, na madumu mawili ya petroli kando yake. Kijana akaniambia, "Baba mkubwa, gesi haina moshi." Kweli haina. Lakini ni nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja huenda ikapata upenyo chini ya mlango, ingawa hata huko ni hatari. Chomboni haina pa kutokea, hushuka ngamani ikatulia humo kama maji. Mvuke wa petroli ni vivyo hivyo. Atakayewasha kiberiti alfajiri achemshe chai huenda asisikie harufu yoyote, gesi imejaa chini ya miguu yake.

Nilianza bahari mwaka 1976, mpishi wa jahazi la boriti, tukitoka Delta ya Rufiji kwenda Unguja. Jiko letu lilikuwa sanduku la mbao lililopigwa bati ndani, mchanga shubiri nzima, mafiga juu yake. Lilifungwa upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, ili cheche ziende baharini, zisirukie tanga, na tanga letu lilikuwa la pamba. Nahodha akitaka kugeuza tanga aliita kwanza, "Mpishi, moto!" Nami nafukia makaa.

Siku moja ya kusi nilikuwa nakaanga vibua. Wimbi likatupiga, mafuta yakamwagika motoni, baharia mmoja akamwagia kata ya maji. Moto uliruka juu ya vichwa vyetu. Mkono wangu wa kushoto una kovu hadi leo. Nahodha aliuzima kwa mchanga ule ule wa jikoni. Tangu hapo, chombo kikiwa safarini sikukaanga tena: nilichemsha, sufuria nusu tu na imefungwa kamba. Samaki wa kuchoma walingoja nanga.

Na mvua ikinyesha, tafadhali, msiingize jiko la mkaa chini ya turubai mkalala nalo. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na aliyelala haamki.

Mashua ya kijana sasa mtungi umesimama omo (mbele), juu, mbali na petroli iliyoko tezi (nyuma), na vali yake hufungwa kila baada ya kupika. Nawaomba wakaguzi, wanapohesabu majaketi ya kuokolea, waulize na jiko liko wapi. Anayetaka vipimo vya sanduku la mchanga anikute ufukweni Kilindoni baada ya alasiri. Nitampimia bure.

Mpishi mstaafu wa jahazi,
Kilindoni, Mafia